Kikuku Nilichompelekea Mjomba Wako

Mwanangu Yusufu,

Amani iwe juu yako, ingawa sasa hivi uko mitaa miwili tu kutoka hapa nilipokaa. Umekwenda kunyoa na kuaga wenzako, na mimi nimefunga kibanda baada ya swala ya alasiri ili niandike kabla hujarudi. Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ningefuta kila mstari wa pili. Karatasi hizi nitazitia kwenye begi lako, chini ya mashati ya kazi. Nakuomba usizisome mpaka gari litakapokuwa limeuvuka mji wa Karusi.

Habari za kufua, kula na kuamka mapema sitaziandika. Una miaka kumi na tisa, na unaosha sahani vizuri kuliko baba yako. Yeye mwenyewe utamkuta Kobero mpakani, lori lake likisubiri karatasi, na atakuambia ya kwake. Kazi uliyoipata pale, ya kuandikisha mizigo kwenye kompyuta ya wakala wa forodha, utaizoea kwa siku chache. Ninalotaka kukuambia ni jambo moja usilolijua, kuhusu nyumba unayokwenda kulala Muyinga na kuhusu mguu wa mjomba wako Saidi.

Unajua kwamba ufundi huu nilionao nilifundishwa na yeye. Kabla hajahamia Muyinga na kuoa huko, kaka yangu alikuwa akitengeneza redio hapa hapa Gitega, mtaa huu wa Nyamugari, barazani kwa babu yako. Nilikuwa na miaka kumi na miwili aliponipa bisibisi kwa mara ya kwanza. Watu walicheka, mtoto wa kike kushika redio, lakini yeye hakujali. Mtu akileta redio na kusema imekufa kwa sababu hii au ile, Saidi alikuwa akiniambia kwa sauti ndogo, "Usisikilize maneno yake. Fungua, uangalie mwenyewe." Kwa maneno hayo nimekula miaka yote. Simu ikiletwa kwangu na mtu akaapa kwamba imeingia maji, mimi huifungua kwanza. Mara nyingi maji hayamo.

Televisheni niliipenda tangu utoto kwa sababu hiyo hiyo. Ilikuwa kama mtu ameifungua dunia na kuniruhusu nichungulie. Unakumbuka Jumapili zetu mchana, mimi na wewe mkekani, kile kipindi cha sayansi cha Kifaransa kikienda haraka na mimi nikikimbilia nyuma kukutafsiria. Kipindi kilichukua saa nzima. Kilikuwa na mtu anayesema hajui bado. Hilo ndilo nililolipenda zaidi, mwanangu, ingawa wakati ule sikujua kwamba nalipenda: kumsikia msomi mkubwa akisema, hili bado hatulijui. Siku moja walieleza ugonjwa wa sukari. Walichora damu kama mto mzito, na figo zikivuta maji ya mwili ili kuisafisha. Ukaniuliza, "Kwa hiyo mtu akiwa na kiu sana, ni sukari imejaa?" Nikasema ndiyo. Ulikuwa na miaka kumi. Mimi nilisahau, wewe ulikumbuka.

Halafu simu zenye mtandao zikatujia, na habari za sayansi nikaanza kuzipata kiganjani. Nilifurahi kama mtu aliyepewa shule nzima. Asubuhi kabla ya kufungua kibanda nilisoma habari tano, sita, na zote nilizituma kwa ndugu na wateja. Nyota imegunduliwa, dawa imepatikana, betri ya kukaa mwaka mzima inakuja. Watu wakaanza kuniuliza kila kitu. Sokoni mtu akibishana na mwenzake alisema, "Twende kwa Mama Yusufu, yeye iko anajua." Nilipenda kusikia hivyo. Nilipenda sana, na hapo ndipo nilipoanza kuharibika. Zile habari hazikuwa na saa nzima. Zilikuwa na dakika moja, na ndani yake hakuwamo mtu hata mmoja anayesema hajui. Sikuwa ninajifunza tena. Nilikuwa napokea na kupitisha, kama waya.

Na wakati huo huo nilikuwa nakudharau wewe na michezo yako ya mtandaoni na Aziza, binti wa mjomba wako. Ulipofeli kemia nilikunyang'anya simu na kusema mchezo umekula akili yako. Sikuuliza kama mwalimu alikuwapo muhula ule. Baadaye nilisikia kwamba hakuwapo.

Sasa nifike kwenye kikuku.

Mjomba wako alikuwa amechoka na ugonjwa wake wa sukari. Kila tulipoongea alilalamika juu ya vidonge, juu ya chai isiyo na sukari, juu ya kwenda kupimwa kila mara. Nikamwonea huruma. Ndipo nikapata ile video. Mwanamume aliyevaa koti jeupe alisema kwa Kiingereza, na sauti nyingine ikatafsiri kwa Kiswahili, kwamba wanasayansi wametengeneza kikuku cha mkononi kinachovuta sukari kutoka kwenye damu. Akasema mvaaji ataona kiu nyingi na atakwenda msalani mara kwa mara, asiogope, hiyo ndiyo sukari inatoka. Akasema ukikivaa, vidonge huna haja navyo.

Nilimtumia Saidi video hiyo. Na kwa sababu napenda vyombo vipya, sikuishia hapo. Nilimwagiza baba yako akitafute mpakani. Alikipata Kobero kwa mchuuzi mmoja, akaniletea bila kujua ni cha nini, na mimi nikakifunga vizuri kwenye karatasi nikampelekea kaka yangu, zawadi ya Idi. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa na taa ndogo nyekundu.

Saidi akanipigia. "Zuhura, hii kitu ni ya kweli?"

"Ya kweli, kaka. Nimesoma."

"Bon, sawa. Kama we umesoma, mi naivaa."

Ndiyo, mwanangu. Ni mimi. Miaka miwili umeamini kwamba mjomba alikinunua mwenyewe. Uliniuliza, "Mama, kile kikuku kilitoka wapi?" nikakujibu, "Kobero wanauza kila kitu." Lilikuwa jibu la kweli, na nililichagua kwa makusudi ili usiendelee kuuliza.

Siku ile uliyokuja kibandani unaikumbuka, lakini unaikumbuka kutoka upande wako. Acha nikuambie upande wangu.

Ilikuwa saa nne asubuhi, wateja watatu wamesimama. Ulikuja unakimbia, hukuwasalimia watu, ukasema, "Mama, Mjomba Saidi iko mgonjwa sana."

"Nani amekwambia?"

"Aziza."

"Kwa simu gani? Simu yako mi ndo niko nayo."

Ukatoa mfukoni ile simu uliyoiunda mwenyewe, kioo cha simu moja, ubao wa saketi wa nyingine, betri imefungwa kwa utepe, vyote kutoka kwenye droo yangu ya simu zilizokufa. Hata kabla ya hasira nilistaajabu. Sikuwahi kukuambia.

"Tulikuwa tunacheza," ukasema. "Akaacha kucheza, akaniandikia. Mama yake bado yuko Kabanga kwenye msiba, yeye iko peke yake na baba yake. Anasema baba anakunywa maji ndoo nzima, anakojoa saa yote, na sasa akimwita anajibu vitu havieleweki. Aliacha dawa, Mama. Iko na kikuku fulani anavaa, wanasema kinatoa sukari. Mi naona sukari ndo imepanda. Tuliona kwenye televizyo, si unakumbuka?"

Yusufu, uliposema neno kikuku, nilijua. Sikudhani, nilijua, kama ninavyojua ubao ulioungua kwa harufu tu kabla sijaufungua. Na kwa kuwa nilijua, niliogopa, na kwa kuwa niliogopa, nilikasirika. Nikakunyang'anya ile simu. Nikatoa betri. Nikasema mbele ya watu, "Kwa hiyo mchezo umekuwa hospitali siku hizi?" Wateja wakacheka. Aziza alikuwa kule Muyinga anasubiri jibu, na jibu lilikuwa limekatika mkononi mwangu.

Nilitengeneza simu mbili nzima baada ya hapo. Mikono ilifanya kazi. Kila nilipotaka kumpigia Saidi nilijiambia, nikimaliza hii.

Hukusubiri nimalize. Ulikwenda kwa fundi cherehani wa jirani, ukamwomba simu, ukapiga namba ya mjomba unayoijua kwa kichwa. Aziza akapokea. Fundi aliniambia baadaye maneno uliyosema, kwa maana alikuwa amesimama pale pale: "Aziza, usiogope. Toka nje, ita majirani wote. Wambebe hospitali sasa hivi. Daktari mwambie aliacha vidonge, usimfiche." Kisha ukamrudishia simu, ukamshukuru, ukaenda kukaa msikitini mpaka adhuhuri.

Nilipofika Muyinga kesho yake, daktari alisema wangechelewa kumleta mpaka jioni angekufa. Alikuwa hai kwa sababu yako na ya Aziza. Lakini ndani ya soksi ya mguu wa kushoto walikuta kidonda alichokificha muda mrefu, kimeoza. Siku ya tatu walimkata mguu chini ya goti.

Kikuku nilikichukua kutoka kwenye meza ya kitanda chake kabla mtu hajakiulizia. Nikakaa kwenye benchi nje ya wodi, nikatoa bisibisi ndogo kwenye mkoba, nikakifungua. Ndani mlikuwa na betri ya saa, taa nyekundu kama ile ya rimoti, na kipande cha sumaku kilichobandikwa kwa gundi. Betri iliunganishwa na taa. Basi. Sumaku haikuunganishwa na chochote. Kukifungua kulinichukua muda mfupi kuliko kubadilisha kioo cha simu. Ningeweza kufanya hivyo siku ile ile kilipofika Gitega. Simu ya mgeni kabisa siiamini mpaka nimeiona ndani, na kitu cha kumvalisha kaka yangu mwenyewe nilikiamini kwa sababu ya koti jeupe na kwa sababu nilitaka niwe mimi niliyemletea habari njema.

Nilikitupa kwenye shimo la choo cha hospitali.

Saidi alipopata fahamu, daktari alimwuliza mbele yangu, "Mzee, nani alikwambia uache dawa?" Kaka akanitazama. Akasema, "Hakuna mtu. Nilichoka na vidonge." Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pake na chupa ya uji mkononi. Nikaanza kummiminia uji.

Lililofuata ndilo baya kuliko yote, na ndilo hasa linalonifanya niandike. Mama Aziza alirudi kutoka msibani amechanganyikiwa. Alipoambiwa kwamba Aziza alikuwa kwenye mchezo wakati baba yake anazimia, alimgeukia mtoto. "Baba yako anakufa, we uko unacheza?" Aziza alitaka kueleza, hakupewa nafasi. Akapigwa pale uani mbele ya majirani. Neno moja langu lingetosha. Ningesema mchezo ndio uliomwokoa, ningesema kosa ni langu. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Hawa watoto wa siku hizi." Nikarudi Gitega na kukukataza wewe pia kucheza, na ukakubali bila kubishana, kwa sababu ulidhani mama yako ana huzuni.

Uliniuliza mara nyingi kwa nini Aziza haandiki tena. Ulidhani umemkosea. Hukumkosea. Alinyang'anywa simu, na aliporudishiwa hakutaka tena kuongea na mtu wa nyumba hii.

Mwaka jana nilikuomba unifundishe ule mchezo, ukashangaa. Sikukuambia sababu. Nilitaka kukiona nilichokilaumu. Ulinipa kazi ya kubeba mbao za daraja, na kila mara nilianguka mtoni, na wenzako wa nchi nyingine wakacheka kwa lugha nisizozijua. Ukaniambia, "Mama, usinyamaze. Sema unaona nini upande wako, mi nitasema naona nini upande wangu." Niliendelea kubeba mbao lakini maneno hayo yaliniingia. Nikaelewa kwa nini Aziza, alipoogopa, hakumwandikia mtu mzima. Aliandika kule alikozoea kuulizwa anaona nini.

Sisemi michezo yote ni mizuri. Ule nimeuchunguza kama ninavyochunguza kitu chochote. Nimeliona lile gurudumu la zawadi linalokusubiri urudi kesho, nimeona jinsi saa inavyofichwa ili usijue umekaa kiasi gani. Walioutengeneza ni mafundi hodari na si wote wanakutakia mema. Wewe hayo unayaona kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba nilipima vitu kwa majina yake. Sayansi, nikasema nzuri. Televisheni, nzuri ikiwa ya Kifaransa. Mchezo, mbaya. Na ndani ya lile nililoliita zuri ndimo ulimotoka uongo uliomla kaka yangu mguu.

Wiki tatu zilizopita mjomba wako alipiga simu kusema uje ukae kwake, ni karibu na kazi. Nikashukuru, na usiku ule usingizi haukuja. Ndipo niliposema nakwenda Muyinga kununua vioo vya simu. Sikununua kioo hata kimoja.

Niliwakuta wote watatu nyumbani. Saidi alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, gongo limeegemea ukuta. Nikaomba tuingie ndani, Aziza naye akae. Nikasema kikuku kilitoka kwangu, video ilitoka kwangu, na siku Aziza anapigwa nilikuwa nimesimama pale na nikamwongezea lawama.

Mama Aziza alijifunika uso kwa khanga. Kisha akasema, "Wifi, umeniacha nimpige mtoto wangu bure."

Saidi hakushtuka. "Zuhura, mi si nilivaa mwenyewe? Najua kilitoka kwako. Kwa mguu wangu sikukudai neno. Nilikuwa nasubiri useme mbele ya huyu," akamwonyesha Aziza kwa kidevu.

"Mbona hukusema wewe, kaka?"

"Ningesema mi, ungekuwa umesemewa."

Aziza ana miaka kumi na minane sasa. Ni mrefu kunipita. Nilimwomba msamaha, nikamwita mwanangu. Hakulia wala hakunisogelea. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Shangazi, Yusufu anajua?"

"Bado."

"Basi mwambie kabla hajafika. Mi sitakaa naye nyumba moja nikijua kitu hajui. Yeye ndo mtu pekee alinisikiliza siku ile."

Akaingia jikoni. Nilipoondoka hakutoka kunisindikiza, na sikumlaumu.

Kwa hiyo sasa unajua. Mama Aziza, nimesikia, alimwomba msamaha binti yake wiki hiyo hiyo, na alikwenda kwa majirani wale wale walioona kipigo akawaambia kwamba wote, yeye wa kwanza, walimkosea mtoto. Baba yako nimemwambia kwa simu juzi. Akauliza, "Ni kile nilichokununulia mimi?" Nikasema ndicho. Ukimkuta Kobero, kaa naye kidogo.

Video ile bado inazunguka. Mwezi uliopita mteja alinionyesha, sauti nyingine, koti lile lile. Nilimwambia yaliyotupata, kwa jina langu, na mguu wa kaka yangu. Si kitu kikubwa, lakini nakifanya kila inaponifikia. Habari za sayansi bado nasoma. Sasa nikituma, natuma pole pole, na mara nyingi naandika chini yake, hili sijalithibitisha. Siku hizi wateja wanaokuja kuniuliza wamepungua kidogo.

Sikuombi unisamehe. Tafadhali usiniandikie kesho kwamba hakuna shida, kwa sababu shida ipo. Kaa nayo Muyinga muda unaotaka. Ukitaka kuniuliza neno lolote, uliza, nitajibu lote, siyo nusu.

Nasikia sauti yako nje, unaongea na fundi cherehani. Nimalizie.

Siku ile ulipokuja kibandani ulisema kweli, na nilizima simu yako kwa sababu nilijua unasema kweli.

Mama yako,
Zuhura